Nusu ya Kisa: Simulizi Zilivyogawa na Kuunganisha Watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Dhiki inapowafika watu, maswali matatu huja mbele: haya yametoka wapi, nani aliyeyaleta, na kesho itakuwaje. Majibu hayaji kwa takwimu wala kwa vifungu vya sheria. Huja kwa kisa chenye mwanzo, mdhulumiwa na mdhalimu. Kisa hicho husemwa barazani, maskani, sokoni, kwenye mimbari na ndani ya matatu, na kadiri kinavyorudiwa ndivyo kinavyozidi kuwaelekeza watu la kufanya. Kikisema aliyekudhulumu ni jirani, jirani huanza kulala macho. Kikisema wewe na jirani mmedhulumiwa pamoja, mnakaa kitako kushauriana.

Jiji la Mombasa lina sehemu tatu za bara ambazo zimeonja pande zote mbili. Likoni iko kusini, ng'ambo ya kivuko cha feri. Kisauni iko kaskazini, ukishavuka daraja la Nyali. Changamwe iko magharibi, kwenye reli na barabara kuu ya Nairobi, nyuma ya bandari. Huko ndiko wanakoishi wengi wa wanaovuka kila asubuhi kwenda kutafuta riziki kisiwani: wenyeji wa Pwani kwa wahamiaji kutoka sehemu za ndani ya nchi (wabara), Waislamu kwa Wakristo, wenye hati za ardhi kwa maskwota. Historia ya sehemu hizo inaonyesha kwamba simulizi peke yake haizui manung'uniko. Huyachukua manung'uniko yaliyopo na kuyatafutia mwenyewe. Inagawa au inaunganisha kutegemea nani ametiwa ndani ya kisa na nani ameachwa nje.

Visa vya kale vya kupokeana

Simulizi za asili ya Mombasa huanza na Mwana Mkisi, malkia wa mji wa kale ambaye jina lake huambatana na Kongowea. Leo jina hilo liko upande wa bara, penye soko kubwa la vyakula. Baada yake anatajwa Shehe Mvita, mtawala Mwislamu, ambaye kwake mji ulipata jina la Mvita. Kisa hiki kinavuka zama mbili na dini mbili, na bado kinawakumbuka wote wawili kuwa waasisi. Aliyekuja nyuma hakulazimika kumfuta aliyetangulia.

Mpangilio wa wenyeji Waswahili wa mji nao ulijengwa juu ya kupokeana. Waliitwa Thenashara Taifa, yaani mataifa 12, waliogawika mafungu mawili. Thelatha Taifa walikuwa Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Tisa Taifa walikuwa na majina kama Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate na Wafaza, majina yanayoonyesha walikotoka: miji mingine ya pwani, mingi ikiwa imeshaharibika kwa vita na misukosuko. Kila fungu lilikuwa na washirika wa agano miongoni mwa watu wa nyuma ya mji. Thelatha Taifa walishirikiana hasa na Wadigo na Waduruma, na Tisa Taifa na makundi ya kaskazini wakiwemo Wagiriama. Mafungu hayo yaligombana mara nyingi, lakini hakuna lililoweza kudai kwamba Mombasa ni yake peke yake, kwa kuwa kila taifa lilikuwa na kisa cha kuwasili.

Mijikenda, wakiwemo hao Wadigo, Waduruma na Wagiriama, nao wana simulizi ya Singwaya, nchi ya kaskazini waliyotoka pamoja kabla ya kujenga makaya yao kwenye misitu. Wanahistoria wamebishana sana juu yake. Wengine, kama Thomas Spear, wameichukua kuwa kumbukumbu ya uhamaji wa kweli. Wengine, kama R. F. Morton, wameona kwamba ilipata nguvu baadaye, kutokana na haja za kisiasa za wakati wa ukoloni. Lisilobishaniwa ni kwamba jina la Mijikenda kwa makundi yote tisa kwa pamoja lilienea katika miaka ya 1940, pale watu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi Mombasa walipohitaji sauti moja. Kisa cha asili moja kiliwafaa wakati wa shida.

Kisauni ina mfano mwingine. Mwaka 1875 wamishenari wa Kianglikana wa shirika la CMS walianzisha Freretown, makazi ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Wakazi wake walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, watu waliopotezana na koo zao na wasiokuwa na lugha moja ya nyumbani. Kilichowaunganisha ni Kiswahili, shule, kanisa na kisa cha kuponea chupuchupu. Kengele iliyokuwa ikipigwa kutoa tahadhari ingalipo, na makutano ya barabara yaliyo karibu nayo huitwa Kengeleni. Hata hivyo, kisa hicho kilikuwa na mpaka wake. Kwa majirani wengi, watu wa misheni walibaki wageni, na haki yao juu ya ardhi waliyokalia ilizozaniwa kwa vizazi.

Kiwanja cha Maskini, 1947

Mfano ulio wazi kabisa wa simulizi iliyounganisha watu wa asili mbalimbali Mombasa ni mgomo wa Januari 1947. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, bei za vyakula na kodi za vyumba zimepanda, na mishahara ya vibarua imesimama pale pale. Makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli, wa hoteli na wa majumbani waliacha kazi kwa pamoja, watu takriban 15,000, kwa muda wa karibu wiki mbili. Mji ulisimama.

Kila siku walikusanyika kwenye uwanja wa Majengo walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapo Mjaluo, Mkikuyu, Mkamba, Mtaita na Mdigo walisikiliza hotuba zilezile kwa Kiswahili. Chama kilichozaliwa na mgomo huo, Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, kiliongozwa na Chege Kibachia, kijana kutoka bara. Hakuna aliyeulizwa babu yake alizikwa wapi. Simulizi iliyosemwa pale ilikuwa na mafungu mawili tu: wanaofanya kazi na wanaowalipa. Kila aliyekuwa na njaa alijiona ndani yake.

Mgomo ulizaa matunda. Baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker liliwaongezea wengi mishahara. Serikali ya kikoloni ilitambua nguvu ya umoja huo, na Agosti 1947 ikamkamata Kibachia na kumweka kizuizini Baringo kwa miaka mingi. Lakini vitongoji vya Changamwe, kama Chaani, Magongo na Port Reitz, vilivyokuja kujaa wafanyakazi wa bandari, reli na kiwanda cha kusafishia mafuta, vimebaki na mchanganyiko uleule.

Ardhi, mkataba na jeraha la zamani

Chini ya simulizi nyingi za mgawanyiko Pwani kuna suala la ardhi, na suala hilo ni la kweli. Mwaka 1895 Uingereza ilianza kuuendesha ukanda wa maili 10 wa pwani kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 sheria ya hati za ardhi ilimtaka kila anayedai shamba ndani ya ukanda huo ajitokeze na kuthibitisha. Wenye ujuzi wa maandishi na mahakama, hasa koo tajiri za mjini, walipata hati. Wadigo, Wagiriama na wengineo waliolima kwa desturi ya ukoo, pamoja na waliokuwa watumwa, wengi waliachwa mikono mitupu. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni.

Matokeo yake yapo mpaka leo. Mombasa ni maarufu kwa nyumba bila ardhi: mtu anajenga nyumba yake, anairithisha watoto, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine anayelipwa kodi, na siku mwenye hati akiuza, mwenye nyumba hana pa kusimama. Likoni na Kisauni zimejaa familia za namna hiyo.

Kuelekea uhuru, ukanda huo wa maili 10 ulizua swali kubwa. Vuguvugu la Mwambao lilitaka pwani ijitawale au ibaki na uhusiano na Zanzibar. Mwaka 1961 Sir James Robertson aliteuliwa kuchunguza, na akapendekeza pwani iunganishwe na Kenya. Oktoba 1963, jijini London, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya, huku haki za Waislamu na mahakama za kadhi zikilindwa. Katiba ya majimbo iliyowapa watu wa Pwani matumaini ya kuendesha mambo yao ilivunjwa mwaka uliofuata. Baada ya hapo mashamba ya serikali yaligawiwa wakubwa, nafasi nyingi za kazi bandarini zikaonekana kwenda kwa watu wa kutoka mbali, na skwota akabaki skwota. Manung'uniko yakawa tayari. Kilichokosekana ni msimulizi wa kuyaelekeza.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997

Msimulizi alipatikana mwaka wa uchaguzi. Mwaka 1997 Kenya ilikuwa ikielekea kwenye uchaguzi wa pili wa vyama vingi, na Likoni ilikuwa na wapiga kura wengi wenye asili ya bara waliohesabiwa kuwa wafuasi wa upinzani. Katika miezi ya kabla ya Agosti vijana, wengi wao Wadigo, walikusanywa kwenye misitu ya kusini, ikiwemo Kaya Bombo, wakalishwa viapo na kufunzwa mapigano. Walichoambiwa kilikuwa chepesi kukishika: ardhi hii ni yenu, kazi hizi ni zenu, vyote vimechukuliwa na wabara, na wabara wakiondoka kila kitu kitarudi. Kiapo kiliongeza sura moja kwenye kisa, kwamba risasi haingewaingia.

Jumatano tarehe 13 Agosti usiku, kundi hilo lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo kilichoko kwenye feri. Maafisa wa polisi waliuawa, bunduki zaidi ya 40 zikaporwa, na kituo kikachomwa moto. Baada ya silaha ilikuwa zamu ya raia. Vibanda vya biashara vilitiwa moto, na watu wenye asili ya bara, Wajaluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu, wakasakwa nyumba hadi nyumba. Vikaratasi vilivyosambazwa viliwataka waondoke Pwani. Kwa wiki kadhaa mashambulizi yaliendelea Likoni na kusini kuelekea Kwale. Zaidi ya watu 100 walikufa na takriban 100,000 walikimbia makazi yao. Kanisa Katoliki la Likoni liligeuka kambi ya maelfu waliolala chini na watoto na virago vyao. Utalii, uliokuwa ukiwalisha wapwani na wabara sawasawa, ulianguka.

Tume ya Jaji Akilano Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza machafuko ya kikabila nchini, ilisikiliza mashahidi wengi juu ya Likoni. Ilielezwa kwamba maafisa wa usalama walikuwa na fununu za viapo na mafunzo kabla ya shambulio. Ilionyesha pia kwamba wanasiasa walikuwa na mkono wao, na ikapendekeza baadhi yao wachunguzwe. Yaani kisa walichopewa vijana kilikuwa na tundu kubwa. Kilisahau kwamba hati za ardhi hazikutolewa na muuza mitumba wa Kijaluo wala fundi wa Kikamba aliyepanga chumba kimoja. Waliogawa mashamba hawakuwemo kwenye kisa, na baadhi ya waliokisimulia walikuwa na maslahi katika kuwaacha nje.

Likoni moja, visa viwili

Yaliyofuata yanaeleza kwa nini jeraha hilo lilichelewa kupona. Baada ya mashambulizi, vikosi vya usalama viliingia vijijini kusaka wahalifu na silaha. Wanaume wa Kidigo walikamatwa kwa wingi, wengi bila ushahidi, na kuteswa; nyumba zilivunjwa na wanawake kudhalilishwa. Shirika la Human Rights Watch liliyarekodi hayo kwa urefu katika ripoti yake ya mwaka 2002.

Ndiyo maana Likoni ina visa viwili vya mwaka mmoja. Katika nyumba za waliotoka bara, 1997 ni usiku wa mapanga na moto. Katika nyumba nyingi za Wadigo, 1997 ni majuma ya msako, ya baba kuchukuliwa alfajiri asirudi ama arudi mlemavu. Kila kisa ni cha kweli, na kila kimoja ni nusu. Anayesimulia usiku wa mapanga bila msako humfanya kila Mdigo muuaji. Anayesimulia msako bila mapanga humfanya kila mbara kibaraka wa serikali. Watoto waliozaliwa baadaye walirithi nusu za wazazi wao, na wakati wa uchaguzi kila nusu huwa akiba ya bure kwa mwanasiasa anayetafuta kura.

Nyaraka zenyewe zilichelewa. Ripoti ya Akiwumi ilikamilika mwaka 1999 lakini ilitolewa hadharani mwaka 2002. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyosikiliza ushahidi sehemu nyingi za nchi ikiwemo Mombasa, ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na sura ya ardhi ikazua zogo. Makamishna watatu wa kigeni walikataa kuitia saini sura hiyo wakisema maandishi yake kuhusu ardhi ya Pwani yalibadilishwa baada ya shinikizo kutoka juu. Pale ambapo maandishi rasmi yanakawia au yanakatwa, watu hurudi kwenye simulizi za barazani, nazo hazina mhariri.

Kisa cha miaka 50

Baraza la Jamhuri ya Mombasa, MRC, lilichukua manung'uniko hayohayo ya ardhi na ajira na kuyaeleza kwa lugha ya mikataba. Kauli mbiu yake, Pwani si Kenya, ilichorwa kwenye kuta za Likoni na Kisauni. Kisa kilichoenea pamoja nayo kilisema kwamba mwaka 1963 pwani ilikodishwa kwa Kenya kwa miaka 50, na kwamba muda ungekwisha 2013. Wengi walikiamini kwa sababu kilikuwa na tarehe, majina na hati ambayo kila mtu amesikia habari zake lakini wachache wameisoma.

Hati hiyo ipo. Makubaliano ya Oktoba 1963 hayataji ukodishaji wa miaka 50. Yanasema mamlaka ya Sultani juu ya ukanda huo yanakoma Kenya inapopata uhuru. Kisa cha MRC kilikuwa na mifupa ya kweli, kwa kuwa mkataba ulikuwepo na dhuluma za ardhi zilikuwepo, kisha kikavishwa nyama isiyokuwa yake.

Serikali ilijibu kwa kuipiga marufuku MRC mwaka 2010. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliondoa marufuku hiyo, ikaona ni kinyume cha Katiba. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, maafisa wa polisi waliviziwa na kuuawa upande wa Changamwe. Polisi waliitaja MRC, nayo ikakana. Mwaka 2013 ulipita bila mkataba wowote kuisha.

Kilichowagusa watu zaidi kilikuwa ardhi yenyewe. Shamba la Waitiki huko Likoni, lenye ekari 930, lilivamiwa na kukaliwa na maelfu ya watu tangu machafuko ya 1997. Serikali ililinunua kwa zaidi ya shilingi bilioni moja, na Januari 2016 wakazi wakaanza kupewa hati. Masharti ya malipo yalizua manung'uniko mapya, kwani kila mwenye kiwanja alitakiwa kulipa shilingi 182,000. Hata hivyo kipande cha karatasi chenye jina la mtu kilipunguza makali ya kauli mbiu kuliko marufuku ya mwaka 2010.

Dini inapoingizwa kwenye kisa

Kati ya 2012 na 2014 kisa kilibadilika mhusika: badala ya mbara na mpwani, kikawa Mkristo na Mwislamu. Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo, mhubiri aliyeshutumiwa kuunga mkono Al-Shabaab, aliuawa kwa risasi akiendesha gari upande wa kaskazini mwa jiji. Vijana wengi waliamini serikali ndiyo iliyomuua, lakini serikali ilikana. Ghasia zikazuka na makanisa yakavamiwa. Tarehe 23 Machi 2014 watu wenye silaha waliingia kanisa moja Likoni wakati wa ibada ya Jumapili na kuwaua waumini sita. Tarehe 10 Juni mwaka huohuo Sheikh Mohamed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, aliyekuwa akipinga itikadi kali, aliuawa hapohapo Likoni. Novemba 2014 polisi walivamia misikiti, ikiwemo Swafaa na Minaa ya Kisauni, na vijana wenye visu wakawashambulia wapita njia Kisauni na kuua watu kadhaa.

Kila tukio lilipata visa viwili. Mkristo alisimuliwa makanisa yaliyochomwa, Mwislamu akasimuliwa masheikh waliouawa na misikiti iliyoingiwa na viatu. Katika hali hiyo kazi kubwa ilifanywa na viongozi wa dini waliokataa nusu ya kisa. Baraza la Viongozi wa Dini Mbalimbali la Pwani, lenye Waislamu, Wakristo, Wahindu na wafuasi wa dini za jadi, liliwakutanisha maimamu na mapadri. Kifo cha Sheikh Idris chenyewe kilikataa kuingia kwenye kisa cha dini dhidi ya dini, kwa kuwa aliyeuawa alikuwa Mwislamu na kiongozi wa Waislamu.

Mwaka uliofuata kisa kutoka kaskazini mashariki mwa nchi kilivuma hadi Pwani. Tarehe 21 Desemba 2015 wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, karibu na El Wak, wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwaka mmoja nyuma, watu 28 walikuwa wameuawa katika kaunti hiyohiyo baada ya basi kutekwa na abiria kutenganishwa. Mwalimu Salah Farah, aliyejeruhiwa kwa kukataa, alifariki Januari 2016. Kisa hicho kiligeuzwa filamu fupi, Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Kilienea kwa sababu hakikumtaka msikilizaji aache dini yake ili awe upande wa jirani.

Uvumi unavyosafiri

Simulizi ya kugawa hupenda kusafiri kama uvumi. Wakati wa ukoloni miji ya Afrika Mashariki, Mombasa ikiwemo, ilijaa hofu ya mumiani, watu waliosemekana kuwanyonya Waafrika damu kwa ajili ya dawa za Wazungu, na gari la zimamoto likakimbiwa na watu wazima. Mwanahistoria Luise White ameonyesha kwamba visa hivyo vilibeba hofu za kweli juu ya kazi, hospitali na mamlaka zisizoeleweka. Uvumi hutua pale ambapo habari ya kuaminika haipo na hofu ipo.

Leo uvumi hauhitaji hata kupanda feri. Ujumbe wa sauti usio na jina, wenye kelele nyuma na onyo la kutotoka nyumbani usiku, unafika simu mia kwa dakika moja. Picha ya zamani hubandikwa tarehe mpya. Rwanda ilionyesha mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kwa redio ya RTLM, mahali ambapo maneno ya namna hiyo yanaweza kufikisha taifa. Kenya ilipata onyo lake baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu 1,133 waliuawa na ujumbe wa chuki ukazunguka kwa simu na redio. Ndipo mwaka 2008 ikaundwa sheria iliyoanzisha Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC. Sheria inaweza kumshtaki mchochezi, lakini haiwezi kusimulia kisa kizuri zaidi kuliko chake.

Mambo machache humsaidia msikilizaji kukipima kisa kabla ya kukipeleka mbele. La kwanza ni kuuliza nani ameachwa nje. Kisa cha Likoni kilichoacha wagawaji wa ardhi kilikuwa na kasoro tangu mwanzo. La pili ni kutafuta hati, maana kisa cha miaka 50 kingekufa mapema kama mkataba ungesomwa hadharani kwa Kiswahili. La tatu ni kuangalia nani atanufaika watu wakigombana, na kwa nini kisa kimeamka mwaka wa uchaguzi. La nne ni kuuliza aliyekuwepo, kwani shahidi wa macho huwa na maelezo madogo madogo ambayo mchochezi hana.

Kusema watu wasahau yaliyopita hakusaidii. Skwota hawezi kusahau kwamba hana kiwanja, wala aliyechomewa kibanda hawezi kusahau moto. Kinachohitajika ni kisa kizima: usiku wa 13 Agosti na majuma ya msako yawekwe katika simulizi moja, waliopoteza watu wao wa pande zote watajwe, na waliogawa ardhi kwa siri watajwe pia. Shule za Likoni, Kisauni na Changamwe zina wanafunzi wa asili zote waliokaa dawati moja, na wazee wanaokumbuka 1997 bado wapo. Vituo vya redio vya Pwani navyo vina saa za kutosha za kuwasikiliza. Wazee hao waulizwe na majibu yao yarekodiwe sasa, kabla uchaguzi mwingine haujaja na msimulizi wake.